Nashona sare za harusi, lakini zangu nazihesabu

Nianze kwa kukiri. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya ugali wangu inatokana na wanawake wasiotaka kuachwa nyuma na wenzao. Sare za send-off, za kitchen party, za harusi, za kipaimara cha mtoto wa jirani. Ikifika Juni mpaka Septemba meza yangu haionekani kwa satini. Kwa hiyo mimi kuwaambia mpunguze sare ni sawa na muuza soda kuwashauri wateja wanywe maji. Nisomeni hivyo hivyo.

Nilianza kuumia zamani, ila sikujua kama naumia. Mwaka 2016, miezi michache kabla ya Julai, yule Julai ambao Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, jirani yake mama alikuwa anauza kiwanja upande wa Ihumwa kwa laki tisa. Nilikuwa na laki sita mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, lete hizo, nyingine utamalizia taratibu." Wiki hiyo hiyo shoga zangu wawili walikuwa wamebadilisha masofa, na zamu ya kukutana kwangu ilikuwa inakaribia. Nikaona aibu ya kuwakalisha wageni kwenye viti vya plastiki. Nikanunua masofa.

Leo masofa yale yametoa springi, na Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo ya Morogoro. Nikipita na daladala maeneo yale huwa najifanya naangalia upande wa pili.

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Mwaka 2019 wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, alikuwa anatolewa, na nikachaguliwa mwenyekiti wa sare. Cheo hicho kisikie tu kwa mwenzio. Mwenyekiti wa sare hawezi kuvaa ya jana, hawezi kuahidi elfu ishirini wakati katibu wake ameahidi laki. Nikaahidi laki mbili, nikiwa na elfu arobaini kwenye simu. Kundi la WhatsApp la kamati mnalijua lilivyo: kila asubuhi orodha inabandikwa upya, jina, ahadi, na tiki ya kijani kwa aliyelipa. Jina lisilo na tiki linaonekana kama pengo mdomoni. Siku ya tisa sikuweza tena kuvumilia kuliona pengo langu. Nikaenda kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali, nikachukua laki tatu za kurudisha 390,000 ndani ya wiki nne, dhamana ikiwa overlock yangu, mashine ya kufunga kingo za nguo zisichanuke.

Nililipa wiki mbili. Wiki ya tatu wateja wenyewe walikuwa bado hawajachukua nguo zao, kwa sababu na wao walikuwa wanadaiwa michango. Wakaja vijana wawili na guta, wakaifungua ile mashine mbele ya mwanafunzi wangu, mmoja akaomba maji ya kunywa, nikampa. Mashine niliyoinunua laki sita na nusu, ya mtumba lakini nzima, ikaondoka inatikisika juu ya guta. Mezani yakabaki matundu manne ya skrubu na doa la mafuta lenye umbo la mguu wake. Send-off ilifana sana. Picha ninazo.

Miezi mitatu nilikuwa napeleka nguo kwa fundi mwenzangu kupigwa overlock kwa malipo. Ndipo usiku mmoja, umeme umekatika, nikachukua daftari la vipimo, nikageuza nyuma, nikapiga hesabu ya shughuli nilizohudhuria mwaka ule. Zilikuwa saba. Kwa wastani kila moja: kitambaa 40,000, bitana na zipu 8,000, mchango 50,000, nywele na viatu 30,000, zawadi 15,000. Jumla 143,000. Mara saba ni 1,001,000. Hapo ushonaji sijauhesabu kwa kuwa najishonea, ingawa siku ya kujishonea ni siku ya mteja iliyopotea, na hizo laki mbili za wifi nimeziweka pembeni.

Baadaye mteja wangu mmoja, mhasibu, alinieleza kwamba hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali hela yako, zinaanzia milioni moja, na riba unalipwa kila baada ya miezi sita. Nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa na milioni na elfu moja ya chenji, nimeivaa.

Sasa nikwambieni kilichonisaidia. Sikugeuka bahili, na mtu asikudanganye kwamba dawa ni kukaa mbali na watu. Hapa kwetu mvua ni za msimu mmoja, mazao yakigoma unaishi kwa ndugu na majirani. Msibani natoa na kwenda, mgonjwa namwona, na hapo sipigi hesabu. Shida yangu ilikuwa mambo mawili yanayokutana: hela kuwa karibu, na neno langu kuwa bado halijatoka. Mwenye hela kwenye simu na ambaye hajasema kiasi atasukumwa tu, tena na watu wanaompenda.

Kwa hiyo siku hizi mimi ndiye wa kwanza kuandika kwenye kundi. Kabla mwenyekiti hajaahidi laki na kuweka kiwango, naandika: "Mimi elfu ishirini, na nimeshatuma." Inakuja na tiki yake. Mara ya kwanza vidole vilitetemeka. Shangazi mmoja akaandika, "Fundi mzima na mafedha yote yale!" akaweka vikaragosi vya kucheka. Nikajibu, "Shikamoo shangazi, ndizo nilizojaliwa." Basi, ikaisha. Nimegundua watu humsumbua aliyeahidi asilipe. Aliyelipa kidogo na mapema wanamsahau baada ya siku mbili.

Shughuli ya ndugu wa damu kabisa natoa kazi. Mama wa bibi harusi nitamshonea bure nguo yake, na siku ya harusi ndiyo inayoangaliwa na kila mtu. Inanigharimu siku moja na nyuzi, na heshima ninayopata laki mbili haikunipa.

Na hela haikai kwenye simu. Jumamosi jioni nikishafunga hesabu za wiki, kabla sijafika nyumbani, naituma kununua vipande kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, mfuko ambao watu wengi wanachanga hela zikawekezwa pamoja na kila mtu ana vipande vyake, hata ikiwa elfu kumi au ishirini. Kwanza niliona ni kero kwamba ukitaka kuitoa unasubiri siku za kazi. Sasa naona ndiyo raha yake. Msukumo wa WhatsApp una nguvu usiku ule ule, ikifika Jumatano mtu ameshapoa. Muelewe pia kwamba kipande kina bei, nayo inabadilika, si kibubu. Ulizeni kabla ya kuweka, na msiweke ya kodi ya nyumba.

Kikoba nacho kimenifaa, lakini kwa sababu nyingine kabisa na ile ninayosikia watu wakiitaja. Tuko wanawake kumi na wawili, hisa elfu tano kila Jumapili, ukichelewa unapigwa faini. Ile faini ndiyo ngao yangu. Mtu akinivuta twende tukale nyama choma mnada wa Msalato, namwambia, "Shoga, sijapeleka hisa, watanipiga faini." Anaelewa papo hapo. Ningemwambia najenga maisha ya baadaye angeniona najidai. Tatizo letu lilikuwa mgawo wa Desemba. Mwaka mzima mnajibana, halafu mnagawana wiki ya Krismasi, wakati kila duka la soko la Majengo linakuita kwa jina! Mwaka wa pili tulibishana karibu tupigane, ila tukauhamishia Machi. Sare za shule zimeshalipwa, sikukuu zimepita, hakuna anayeoa. Machi ya kwanza watu wanne walinunua vitu vinavyobaki: mmoja mabati, mwingine mbuzi, mwingine cherehani ya pili. Mimi overlock.

Matundu manne ya skrubu yalikuwa bado pale pale, ila hii mpya miguu yake imepishana nayo kidogo, ikabidi nitoboe upya.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja anayefanya kazi Mtumba, ana begi. Nikajua ni kitambaa kipya, nikavuta futi. Akatoa gauni la maruni nililomshonea mwenyewe mwaka juzi. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba dawa ya aibu, "Fundi, harusi ya safari hii nayo ni maruni. Unaweza kunikatia liwe sketi na blauzi, wasilitambue?"

Nikamwambia hata mimi sitalitambua. Kazi hiyo nilimtoza elfu nane. Angeshona jipya, ningepata thelathini na tano.