Ruta imekubali nywila mpya, programu ya simu imegoma

SWALI: Salamu aleikum. Niliingia kwenye ruta yangu ya TP-Link kwa kompyuta nikabadilisha nywila ya admin. Intaneti ipo nyumba nzima, lakini Tether, programu ya simu ya kusimamia ruta hiyo, haifunguki. Nikiandika nywila ya waifai inasema si sahihi. Je, nimeharibu ruta?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Hujaharibu kitu. Ruta yako inahusika na nywila tatu, na hiyo unayoandika siyo inayoulizwa. Kuna ya waifai, unayowapa watoto na majirani. Kuna ya admin, inayofungua mipangilio ya ruta yenyewe. Hiyo ndiyo uliyobadilisha. Halafu kuna ya TP-Link ID, inayokwenda na baruapepe yako. Hii ya mwisho ni ya akaunti iliyoko kwenye seva za kampuni, na ndiyo inayokuwezesha kuisimamia ruta ukiwa mbali, tuseme wewe uko Voi na ruta iko Kisauni. Ukibadilisha moja, nyingine mbili hazisikii habari. Ndiyo maana hakuna simu hata moja iliyokatika intaneti.

Tether ilikuwa imeihifadhi nywila ya admin ya zamani, na bado inajaribu kuingia nayo. Hakikisha kwanza simu imeshika waifai ya ruta hiyo hiyo, si ya kisanduku cha faiba cha mtoa huduma ikiwa mna vyote viwili. Zima data ya simu na VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali) kama unayo, kwa sababu ombi la programu linaweza kupelekwa nje badala ya kwenda kwenye ruta iliyo hapo chumbani. Fungua Tether, gusa jina la ruta, andika nywila mpya ya admin. Ikikataa tena, iondoe ruta kwenye orodha ya vifaa, funga programu kabisa, uifungue na kuitafuta ruta upya. Kwenye Android unaweza pia kuingia kwenye mipangilio ya simu na kufuta data ya Tether. Hapo itasahau kila kitu na kukuuliza kama mgeni.

Ikiwa programu haiioni ruta kabisa, tatizo si nywila. Kwenye iPhone, kuanzia iOS 14, kila programu inayotafuta vifaa kwenye mtandao wa nyumbani lazima ipewe ruhusa ya "Local Network", na wengi huikataa bila kusoma. Sababu nyingine ni kuunganisha simu na waifai ya wageni: mtandao huo kwa kawaida umezuiwa kufika kwenye mipangilio, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Angalia pia ile kompyuta. Ruta nyingi za TP-Link humkubali msimamizi mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo bonyeza "Log out" kabla ya kushika simu. Na tafadhali usibahatishe nywila mara nyingi mfululizo. Ruta kadhaa hufunga mlango kwa muda baada ya makosa kadhaa, na wakati huo hata nywila sahihi haitapokelewa.

SWALI: Nina nyumba ya kupangisha wageni wa muda mfupi. Kila mgeni akiondoka nabadilisha nywila ya waifai. Fundi aliyefunga ruta aliacha jina la kuingilia kuwa admin na nywila kuwa admin. Inatosha?
Msomaji, Nyali

JIBU: Haitoshi, dada yetu, na tunakusihi ulishughulikie leo kabla mgeni mwingine hajaingia. Yeyote aliye kwenye waifai yako anaweza kufungua kivinjari, kuandika 192.168.0.1, kisha admin mara mbili, na ruta ikawa yake. Hatari kubwa si kuibiwa bando. Ni kubadilishiwa DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba za seva. Mtu akiweka namba zake mwenyewe, mgeni wako wa mwezi ujao ataandika anwani ya benki yake na huenda akapelekwa kwenye ukurasa bandia, naye hatajua ni kwa nini.

Unganisha simu au kompyuta na ruta, ufungue tplinkwifi.net au 192.168.0.1. Kama hapafunguki, tazama maelezo ya waifai kwenye simu: namba iliyoandikwa mbele ya "Gateway", au "Router" kwenye iPhone, ndiyo anwani halisi. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, na umehakikisha hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, endelea. Cheti chake cha usalama kimetengenezwa na ruta yenyewe, ndiyo maana kivinjari hakikitambui.

Kwenye ruta za zamani zenye ukurasa wa kijani, kama TL-WR840N, ingia "System Tools", kisha "Password". Itataka jina na nywila ya zamani, halafu mpya mara mbili. Hapa wengi hukwama: nywila isizidi herufi 15 wala isiwe na nafasi katikati. Kwenye ukurasa wa buluu, pita "Advanced", kisha "System Tools" au "System", kisha "Administration". Bonyeza "Save", ruta itakutoa na kukutaka uingie upya. Usitumie nywila ya waifai tena hapo, maana hiyo wageni wote wanaijua.

Ukiwa humo ndani, washa mtandao wa wageni na uwape huo tu, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila), na uhakikishe usimamizi wa kutoka nje umezimwa. Ukiona toleo jipya la programu ya ruta, lisakinishe, ila si siku stima inapokatika na kurudi. Ruta ikizimika katikati ya kazi hiyo inaweza isiwake tena.

Kuna jambo ambalo nywila haiwezi kulizuia. Mtu anayeifikia ruta kwa mkono anaweza kubonyeza kitufe cha "Reset", na yote uliyofanya yakafutika. Iweke mahali pa juu au kwenye kabati lisilo la chuma, na kila mgeni akitoka, jaribu kuingia kwa nywila yako. Isipokubaliwa, kuna mtu aliyeigusa.

SWALI: Nilisahau nywila ya admin, nikabonyeza "Reset". Sasa waifai ipo lakini intaneti hakuna. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: "Reset" haifuti nywila peke yake. Imefuta pia jina la waifai na, kama huduma yako ni ya PPPoE, yaani ile ambayo ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila, jina na nywila ulizopewa na mtoa huduma. Wapigie simu, waombe hizo mbili, kisha uziingize upya kwenye sehemu ya intaneti ya ruta. Kama fundi alikuwa amenakili anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa cha awali, nayo imepotea. Waombe wasajili ile iliyobandikwa chini ya ruta yako. Kwenye Tether, futa ruta ya zamani na uiongeze kama mpya.

Wengine waliosahau, kabla ya kubonyeza: ikiwa ruta iliunganishwa na TP-Link ID, jaribu kuingia kwa akaunti hiyo, na unakili mipangilio yote kwanza. Mkilazimika, ingiza ncha ya klipu kwenye kitundu cha "Reset" na uishikilie kwa takriban sekunde 10 huku ruta ikiwaka, hadi taa zimemete. Kisanduku cha faiba cha mtoa huduma msikiguse. Mipangilio yake huwekwa na wao, na kikifutwa itabidi mumsubiri fundi wao.