Neno "upuzi" katika 1 Wakorintho kwa Kigiriki ni lipi, na lina uzito gani?

Swali lililoulizwa ni hili: Paulo anaposema neno la msalaba kwao wanaopotea ni "upuzi" (1 Kor 1:18), ametumia neno gani, na je, ndilo lile lile Yesu alilokataza mtu kumwita ndugu yake?

Neno ni *moria*. Limetokea mara 5 tu katika Agano Jipya, na zote zimo katika waraka huu mmoja: 1:18, 1:21, 1:23, 2:14 na 3:19. Kivumishi chake ni *moros*, "pumbavu", na ndicho kilicho kwenye Mathayo 5:22. Msomaji wa Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, hawezi kuliona pale, kwa kuwa wafasiri waliandika "akimwapiza". Tena msikimbilie kusema matamshi yenyewe ndiyo dhambi: Mathayo 23:17 Yesu mwenyewe anawaita Mafarisayo *moroi*, "wapumbavu na vipofu". Kinachohukumiwa katika 5:22 ni hasira na dharau kwa ndugu.

Ukitaka kuionja maana yake, nenda kwenye chumvi. Mathayo 5:13, "chumvi ikiwa imeharibika", kitenzi ni *moraino*, cha shina hilo hilo. Kitenzi hicho hicho kimo katika Warumi 1:22, "walipumbazika". Chumvi na mtu wanawezaje kushiriki kitenzi kimoja? Kiswahili chetu kinajibu vizuri kuliko kamusi nyingi: tunalo neno *dufu*. Chakula dufu hakina ladha, na mtu dufu hana la maana. Hapo ndipo *moria* ilipo. Myunani aliyesikia habari za Mwokozi aliyesulubiwa, adhabu ya watumwa na waasi, hakuona fumbo gumu la kufikiria. Aliona kitu chapwa, kisichostahili hata kutafunwa. Ndiyo maana naona "upuzi" ni tafsiri nzuri sana, kwa sababu upuzi ni jambo unalolipuuza.

Mstari wa 25 hausemi *moria*. Unasema *to moron*, yaani "lile lililo pumbavu" la Mungu. Paulo hasemi Mungu ana tabia ya upumbavu. Analitaja tendo moja ambalo watu wameliona la kipumbavu, nalo ni msalaba. Union Version imebadilisha neno hapo kuwa "upumbavu", na mabadiliko hayo yana sababu katika Kigiriki.

Kosa linaloniuma zaidi liko kwenye 1:21. Watu huutumia mstari huu kutetea mahubiri yasiyoandaliwa, eti Mungu huokoa kwa upuzi wa kuhubiri. Neno pale ni *kerygma*, ujumbe unaotangazwa, wala si kitendo cha kutangaza. Union Version imelishika sawasawa: "upuzi wa lile neno linalohubiriwa". Kinachodharauliwa ni habari yenyewe. Mhubiri mvivu hana kimbilio hapo.

Kosa jingine ni kuanzia kwenye neno la Kiingereza *moron*, linalofanana na *moros*. Lile lilitungwa 1910 na mwanasaikolojia wa Marekani Henry Goddard, akiazima Kigiriki, kwa ajili ya kupima akili. Ukilirudisha kwa Paulo unaingiza kipimo asichokijua.

Kabla ya kuunganisha aya kwa sababu tu zote zina "mpumbavu", angalia namba za Strong, zinazotambulisha kila neno la lugha ya asili ya Biblia. *Moria* ni 3472, *moros* 3474, *aphron* 878, *anoetos* 453. Tajiri wa Luka 12:20 ni *aphron*: hesabu za ghala zake zilikuwa sawa, ila hakumweka Mungu ndani yake. Ndiyo sifa ya yule wa Zaburi 14:1 katika Agano la Kale la Kigiriki, asemaye moyoni hakuna Mungu. Wagalatia (3:1) ni *anoetoi*: akili wanazo, hawazitumii.

Kwa hiyo "upumbavu wangu kidogo" wa 2 Kor 11:1 usiuunganishe na 1 Kor 1:25. Pale ni *aphrosyne*, namba 877, na Paulo anazungumzia kujisifu kwake, jambo ambalo yeye mwenyewe analiona halifai. Lakini msalaba yeye hauonei haya hata kidogo.