Wasomaji Wanauliza: Vitu vya Kuchezea Vilivyowakejeli Watu Weusi, Kwa Nini Makumbusho Yanavitunza?

Toleo lililopita tuligusia makumbusho ya Marekani yanayotunza midoli na vyombo vya zamani vyenye sura za kuwadhalilisha watu weusi. Maswali yamemiminika, haya ni manne.

Nimeona picha ya kibubu cha chuma chenye sura ya mtu mweusi, mimidomo mikubwa, eti anameza sarafu. Hivi kweli kilikuwa cha watoto au kuna mtu katengeneza juzi tu kutuudhi?

Cha watoto kabisa ndugu yangu. Kampuni ya Shepard Hardware ya mji wa Buffalo, New York, ilipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, mwaka 1882, na kwenye jina lake kuna lile tusi ambalo Wamarekani weupe waliwaita watu weusi, mimi siliandiki hapa. Ni kichwa na kifua cha mtu, chuma kizito, kapakwa rangi nyeusi tii, macho yamemtoka, mkono mmoja kaukinga mbele kama anaomba. Mtoto anaweka senti kwenye kiganja, anabonyeza kichuma cha nyuma, mkono unapanda mpaka mdomoni, ulimi unaingia ndani, senti inadumbukia tumboni na macho yanageuka juu. Mtoto anacheka, anaomba senti nyingine, arudie tena.

Sasa fikiria huyo mtoto wa miaka 6. Utumwa Marekani ulipigwa marufuku 1865, yaani miaka 17 tu kabla ya hataza hiyo, na huenda hata mtu mweusi wa kukaa naye na kuongea naye hajawahi kumpata, lakini kila siku anamlisha hela huyu wa chuma na kumcheka. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha dharau, vidole vyake vyenyewe ndo vilikuwa vinafanya mazoezi, na wazazi wanafurahi kwamba mtoto anajifunza kuweka akiba. Hiki ndicho kinachoniumiza kuliko hata ile sura.

Na hiyo ya kutengenezwa juzi nayo ipo, nyingi tu. Wanachukua kibubu cha zamani wanatoa kalibu humo, wanamimina chuma upya, na kwa vile chuma kikipoa kinasinyaa basi nakala inatoka ndogo kidogo kuliko ya kwanza, ngozi yake ina chengachenga na viungo havikutani vizuri. Wanaozijua wanazitambua hivyo. Mtu hawezi kuhangaika na kalibu kama hana mnunuzi, kwa hiyo wanunuzi wapo mpaka leo.

Mimi naona wangechoma tu. Kutunza uchafu huu si ndo kuuendeleza?

Hasira yako naielewa, na kuna mtu alianza hapohapo ulipo wewe. David Pilgrim alikuwa bado mtoto, Mobile, Alabama, miaka ya 70 mwanzoni, akanunua kisanamu cha mama mweusi wa jikoni, akalipa, halafu akakivunja palepale mbele ya muuzaji. Lakini badala ya kuvunja vitu vya aina hiyo akawa anavikusanya, na baadaye akasoma sosholojia akawa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1996 akavitoa vyote, vitu kama 2,000 hivi, kwa Chuo Kikuu cha Ferris State kilichopo Big Rapids, Michigan, na hapo ndipo ilipo leo Jim Crow Museum (Jim Crow ndilo jina la zile sheria za Marekani za kuwabagua watu weusi), ambayo ilihamia kwenye ukumbi mkubwa mwaka 2012.

Mimi nakubaliana naye, kwa sababu kitu kimoja ukikiona peke yake kuna mtu atakwambia acha wewe, ule ulikuwa utani wa enzi hizo. Haya, mpeleke sasa huyo mtu akaone vichupa vya chumvi, visahani vya majivu ya sigara, postikadi, makopo, vitabu vya watoto, vyote sura ileile, jikoni mpaka chumba cha mtoto, halafu pembeni kuna mabango ya sheria za ubaguzi za wakati huohuo, atasema utani gani tena? Kuna michezo ya kurusha mpira ulenge kichwa cha mtu mweusi, na huo ulikuwa ni mfano wa mchezo halisi wa kwenye maonyesho ambapo mtu mweusi mzima, anayepumua, anatoa kichwa kwenye tundu la turubai na watu wanalipa wamrushie mipira. Ukichoma mdoli, na ushahidi wa yule mtu unazidi kupungua.

Ila kutunza nako kuna namna. Kukiweka kabatini nyumbani eti pambo la kale, bila neno lolote, hapo naungana na wewe moja kwa moja.

Shangazi yangu anaishi Uingereza, ana mdoli wa golliwog tangu utotoni na anasema anaupenda tu, hauna ubaya. Nimwambieje?

Usimbishie mapenzi yake, ni ya kweli. Mwambie tu ulikotoka. Florence Kate Upton aliuchora kwenye kitabu cha watoto cha 1895, akikumbuka mdoli aliouchezea utotoni Marekani, na ile sura, manywele yamesimama, midomo minene, ni sura ya waigizaji weupe waliokuwa wanajipaka masizi usoni ili kuwaigiza watu weusi na kuwacheka. Halafu kampuni ya jamu ya Robertson's ikaubeba kama nembo yake kuanzia 1910 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo vizazi na vizazi vimekula mkate vikiutazama. Mtoto mweusi aliyesoma shule na watoto hao wa Uingereza ndiye aliyeitwa jina la huo mdoli uwanjani. Shangazi amuulize mtu mweusi mmoja wa huko, wa rika lake.

Nikikuta kitu kama hiki mnadani, ninunue ili nikiondoe sokoni?

Hapana. Hela yako inapandisha bei na wenye kalibu wanapata moyo. Kama umekirithi, usikiuze wala usikitupe, andikia makumbusho uwaulize kama wanakihitaji. Na ukikipeleka nenda na maelezo: kilikuwa cha nani, kilikaa chumba gani, nani alikuwa anakichezea na watu wazima wa pale nyumbani walikuwa wanasema nini. Kitu chenyewe huenda wanacho tayari, ila hayo maelezo hawana pa kuyapata.