Kabla ya kusaini, uliza nani analipwa

Niko kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS yetu, na wanachama huniletea mikataba niwaangalizie. Swali ninalowasisitizia ni moja: huyu anayekushauri anapata nini ukikubali, na anapata nini ukikataa? Wengi hukimbilia kuuliza kama mtu ni mwaminifu. Uaminifu uko moyoni mwake, huwezi kuukagua. Maslahi yanakagulika.

Chukua dalali wa nyumba. Dar es Salaam mazoea ni kumlipa kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha laki mbili kinampa laki mbili, cha laki nne kinampa laki nne. Hata awe mtu mwema kiasi gani, usitegemee akubanie mwenye nyumba ashushe bei. Wakala wa bima ya maisha anaishi kwa kamisheni, kwa hiyo ana haraka ya kukusajili kuliko ya kukueleza utapoteza nini ukishindwa kuendelea kuchangia. Afisa mikopo ana malengo yake ya mwezi. Hakuna dhambi hapo, kila mtu anakula kwa kazi yake. Ubaya unaanza pale maslahi yanapofichwa.

Kuna kikundi nilikuwa nakisaidia mambo ya hesabu, kikataka kununua kompyuta. Utaratibu ulidai proforma tatu, yaani karatasi za bei kutoka maduka matatu tofauti. Mjumbe mmoja akazileta zote kwa mkupuo: maduka matatu, mihuri mitatu. Nikazipanga mezani sambamba. Zote ziliahidi "waranti ya mwaka moja", kosa lile lile, na zote zilikuwa na safu ya mwisho kwenye jedwali iliyoachwa wazi. Tulipofuatilia, duka lenye bei ya chini lilikuwa la shemeji yake, na zile mbili zilitengenezwa kulisindikiza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bei yenyewe haikuwa mbaya. Angesema mapema, huenda tungenunua pale pale kwa amani.

Wakubwa nao wamo. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyopika hesabu zake, ilipofilisika Desemba 2001, mkaguzi wake alikuwa kampuni ya Arthur Andersen. Kwa mwaka 2000 pekee Andersen ililipwa na Enron dola milioni 25 za ukaguzi, na dola milioni 27 za ushauri na kazi nyingine. Mkaguzi akimbana mteja wa namna hiyo, anahatarisha mafungu yote mawili. Sheria ya Sarbanes-Oxley, iliyotungwa Marekani mwaka 2002 baada ya kashfa hiyo, haikungoja wakaguzi wawe na roho nzuri: iliwakataza kuziuzia kampuni za soko la hisa wanazozikagua sehemu kubwa ya huduma hizo za pembeni.

Hapa Tanzania, Sheria ya Kampuni ya 2002 inamtaka mkurugenzi mwenye maslahi katika mkataba wa kampuni ayatangaze mbele ya bodi. Kikundi chenu hata kama si kampuni, igeni. Wekeni daftari la maslahi, na kila mjumbe aandike biashara zake na za ndugu zake wa karibu. Anayependekeza manunuzi asiwe ndiye anayekusanya bei.

Ukiwa peke yako mbele ya wakala, muulize bila haya: "Kamisheni yako hapa ni kiasi gani?" Ni pesa yako, una haki ya kujua inakwenda wapi. Akikutajia, mna pa kuanzia mazungumzo. Akizungukazunguka, usisaini siku hiyo. Chukua karatasi, mpelekee mtu ambaye hapati chochote ukisaini wala usiposaini.

Nasi kwenye kamati tunajifunga kwa kamba hiyo hiyo. Jina la ndugu yangu likija kwenye maombi ya mkopo, najitaja kabla fomu haijafunguliwa, natoka nje, na katibu anaandika kwenye muhtasari saa niliyotoka na saa niliyorudi.