Pedi mmegawa, kicheko bado

Ndugu, umesema kikundi chenu kinagawa pedi shuleni hapo Nyalenda, Kisumu, lakini wasichana bado wanabaki nyumbani kwa kuogopa kuchekwa. Waelimisheni wavulana pia kuhusu hedhi, mwalimu akiwepo. Kisha mwendeeni mwalimu mkuu: tangu 2017 sheria ya Kenya inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma waliobalehe pedi bure za kutosha, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Ulizeni vyote viwili.

Pedi za kitambaa zifuliwe kwa maji baridi na sabuni, zianikwe juani hadi zikauke kabisa. Aibu huwafanya wazifiche chini ya godoro zingali mbichi, na unyevu huo huleta muwasho. Anayelowesha pedi kila saa, au anayetokwa damu zaidi ya siku 7, aende kituo cha afya, asiambiwe avumilie.