Kabla hujaandika "amerudia unga"

"Sista, dozi hainishiki. Mwili unauma."

Kijana aliniambia hivyo dirishani, asubuhi, foleni ndefu nyuma yake. Alikuwa anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi yanamtoka, vinyweleo vya mikono vimesimama. Arosto ya wazi kabisa, mwili uliozoea dawa umeikosa. Nikamwambia, "Kunywa, kaka, ukapumzike," nikamsogezea kikombe chake cha methadoni, dawa anayokunywa kila siku badala ya heroini. Moyoni nilishaamua: huyu amerudia unga, yaani heroini, au anataka aongezewe ili alewe. Akaja kesho yake na maneno yaleyale. Na keshokutwa.

Siku ya nne alikuja mama yake. "Mwanangu, usiku halali. Anabishana na watu ambao mimi siwaoni." Kijana alikuwa pia na ugonjwa wa akili, na haloperidoli ilikuwa imemtuliza kwa muda mrefu. Usiku ule walimpeleka hospitali, na sababu iliyoandikwa ilikuwa neno moja: madawa.

Mama alifungua fundo la khanga, akamwaga vidonge vyote vya mwanawe mezani. Vya akili vilikuwepo. Na pembeni, vidonge vya TB, alivyoanzishwa wiki mbili nyuma kwenye kituo kingine. Hakuna aliyetuambia. Wala mimi sikuwa nimeuliza.

Ndani ya dawa za TB kuna rifampisini, na rifampisini hulifanya ini livunje methadoni haraka mno. Dozi iliyokuwa inamfikisha kesho asubuhi ikawa haimfikishi hata jioni. Haloperidoli nayo huporomoka vilevile kwenye damu, ndiyo maana sauti zilirudi. Kijana alikuwa ananieleza hali yake kwa usahihi kuliko faili lake, nami nilimwona muongo. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, ndugu zangu wauguzi, hasa mlioanza kazi karibuni: mtu mwenye ugonjwa wa akili na uraibu kwa pamoja anapokuambia dawa haifanyi kazi, mwombe kwanza alete vidonge vyote, hata vya mganga wa mtaani. Mwambie avimwage mezani. Usiridhike na "natumia dawa za kawaida". Angalia TB, angalia ARV (efavirenzi na nevirapini nazo hushusha methadoni), angalia kabamazepini kama ana kifafa. Kisha mpigie daktari simu siku hiyohiyo, kwa sababu mtu mwenye arosto hasubiri kliniki ya wiki ijayo. Kete ya unga iko karibu na nyumbani kwake kuliko sisi.

Kuna upande mwingine wa hatari. Aliyekosa dozi siku tatu au zaidi mfululizo usimpe kiwango chake cha zamani kwa huruma, mwili umeshasahau, unaweza kumuua, apimwe upya. Anayechanganya methadoni na diazepamu (dawa ya kutuliza) au pombe anaweza kuacha kupumua usingizini. Ukimkuta haamki, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, pumzi chache, msaidie kupumua na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya methadoni na heroini, itoke kabatini mara moja. Maswali ya kwa nini yatakuja baadaye.

Na mnywaji wa siku nyingi aliyelazwa, akaanza kutetemeka na siku ya pili au ya tatu akaona wadudu ukutani, msimkimbizie wodi ya akili. Huenda ni pombe inamtoka, na hali hiyo inaua.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na bado nasikia wodini, "teja wako kaja." Kati ya mteja na teja kuna herufi moja tu, lakini mgonjwa anaisikia. Yule kijana aliisikia miaka mingi. Nadhani ndiyo maana siku ya tatu hakubishana nami, alikunywa akaondoka kimya.

Daktari alimpandishia methadoni hatua kwa hatua, haloperidoli ikarekebishwa pia, akalala. Dawa za TB ni miezi sita. Akizimaliza, ini litapoa ndani ya wiki chache, na dozi ile kubwa itageuka kuwa nyingi mno kwake. Nimeandika tarehe ya kumaliza kwa wino mwekundu, juu ya jalada la faili lake, na mama yake ameiandika kwenye kalenda ukutani.