Alihitaji majani, si beseni la pumba

Swali lenu la juma hili lilikuwa: "Mnyama wa kufugwa aliyetelekezwa akiokolewa, kazi kubwa huwa ni ipi?" Najibu kwa habari ya punda mmoja jike, maana hapa Lamu punda ndiye aliyebeba mawe, mchanga na saruji ya karibu kila nyumba unayoiona. Kwangu mimi kazi kubwa ilikuwa kuuzuia mkono wangu. Kumtoa alipokuwa ilituchukua asubuhi moja. Kumnyima chakula alichokuwa akikitamani ilituchukua wiki tatu, na kila siku ya hizo wiki tatu iliniuma.

Tulimkuta upande wa Wiyoni, karibu na jaa la taka, amesimama ameelekeza uso ukutani. Mbavu zake ungezihesabu kwa mbali. Kuna siku alifungwa kwa kamba ya nailoni mguu wa nyuma, kamba ikakatika, kitanzi kikabaki kifundoni. Kilikuwa kimezama ndani ya nyama mpaka ngozi imeanza kuota juu yake, na usaha unatoka pembeni. Kwato za mbele zimerefuka na kujipinda kama mundu, kwa hiyo alikuwa akikanyagia visigino. Na hakutoa sauti yoyote. Punda mzima hulia mtaa mzima ukamsikia, lakini punda mgonjwa hunyamaza, masikio yakalala, na wapita njia wakadhani amepumzika. Sijui nilimpita mara ngapi mwenyewe nikidhani hivyo.

Nilipogusa kile kifundo alinipiga teke la paja. Watu husema fadhila ya punda ni mateke. Mimi siku hiyo niliona jambo jingine: mguu ule ulikuwa unaoza, naye alikuwa bado ana nguvu ya kuulinda. Nilifurahi.

Mjini kwetu ipo kliniki ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, na matibabu ni bure. Daktari alikata kitanzi, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akamdunga sindano ya pepopunda, ugonjwa ambao hata jina lake limemtaja yeye. Alituonya tusipake oili chafu ya injini. Wengi hupaka wakiamini inafukuza nzi, kumbe inaunguza nyama mbichi na kidonda hakifungi. Kwato alizikata kiasi cha unene wa kidole, akaacha. Nilimwuliza mbona hamalizi. Akasema mishipa ya miguu imeshazoea upinde ule. Akizikata zote kwa mara moja mnyama atashindwa kusimama, kwa hiyo zitanyooshwa kwa awamu, wiki kadhaa kati ya awamu na awamu.

Kisha akaja kwenye chakula, na hapo ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize. Mwili ulioshinda na njaa kwa miezi huwa umejipunguzia kila kitu. Ukiupa wanga mwingi ghafla, madini yaliyobaki kwenye damu hukimbilia ndani ya chembe za mwili, moyo ukakosa nguvu, na mnyama akafa baada ya siku chache tumbo likiwa limejaa. Pumba nyingi pia huleta uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Kwa hiyo amri ilikuwa majani makavu, konzi moja moja, mara nyingi kwa siku, na maji masafi wakati wote.

Siku ya pili jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alileta beseni la pumba za mahindi alizozichanganya na sukari guru. Nikamwambia, "Mama, hizi haruhusiwi." Akanitazama kama nimetukana. Akanikumbusha hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipompita ngamia ambaye tumbo lake limegandana na mgongo kwa njaa, akasema tumche Mwenyezi Mungu kwa wanyama hawa wasiosema. "Na wewe, mwanangu, unamnyima?" Punda alikuwa ameshanyoosha shingo, pua zinatetemeka, anaisikia ile harufu. Nililibeba beseni nikaliingiza ndani nikafunga mlango. Jioni nilikwenda kwake nikamweleza alivyosema daktari, neno kwa neno. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akija alfajiri kumpa konzi ya kwanza, na hakuna aliyekuwa mkali kuliko yeye kwa watoto waliokuja na maganda ya ndizi.

Wiki ya kwanza hakula vizuri hata hayo majani. Kwa punda hilo ni jambo la hatari, maana asipokula, mwili huyayeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu mpaka ini likashindwa. Aliyetusaidia ni punda dume mzee wa mtaani, aliyehasiwa. Tulimfunga karibu naye usiku mmoja. Asubuhi walikuwa wamesimama shingo kwa shingo, na jike anatafuna. Punda hushikamana na mwenzake, na akitengwa huweza kujiachia kabisa.

Mwenye punda alijitokeza mwezi wa pili, kijana mpole. Watu walinishauri nimpeleke polisi, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ingenipa nguvu. Nilimsikiliza kwanza. Alikuwa akibeba mchanga kwa punda huyu. Bodaboda zilipoingia, tripu zikapungua, akakopa akanunua pikipiki. Punda hakuwa na kazi tena, akaachwa ajitafutie. Hali hiyo naiona kwa wengi. Na bara ilikuwa mbaya zaidi: machinjio ya punda yalipofunguliwa kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya ngozi, punda asiye na kazi akapata bei akiwa maiti, na wenye kazi wakaibwa usiku. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Februari 2024 kuipiga marufuku biashara hiyo, na mimi nawashukuru kwa hilo.

Yule kijana alichuchumaa, akaliangalia kovu la kifundo kwa muda mrefu, hakusema neno. Punda aliitambua sauti yake kabla hajamwona, akalia, mara ya kwanza tangu tumlete. Hatukumrudishia. Tulikubaliana akae kwetu asibebeshwe kitu, na yeye alete majani kila Ijumaa. Huyaleta kwa pikipiki, mzigo mkubwa umefungwa nyuma kwa mpira.

Kifundo kimefunga. Kwato ya mguu wa mbele wa kushoto bado haijanyooka sawasawa, na daktari atarudi kuikata tena baada ya wiki sita.